Stoo ya Wote: Tuliyoyaona Katika Vijiji vya Ujirani Nchini Denmark

Mama yeyote aliyewahi kuhama nyumba anajua jambo hili: watu wa nyumbani ni wachache, vitu ni vingi. Kuna godoro la wageni. Kuna ngazi inayotumika mara mbili kwa mwaka, sufuria kubwa ya shughuli, baiskeli isiyo na tairi, na nguo za mtoto wa kwanza zinazomngojea wa tatu. Vyote vinataka mahali pa kulala. Na pale ambapo familia kadhaa zinatumia ua mmoja, swali la wapi vitu vitalala huwa pia swali la amani.

Mwezi huu tunawapeleka wasomaji wetu hadi Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, ambako kwa zaidi ya miaka hamsini familia zimekuwa zikijenga vijiji vidogo vya ujirani kwa makusudi. Tulikwenda akina mama watatu, wageni wa familia marafiki, mwanzoni mwa Oktoba. Tulionyeshwa jiko, bustani na vyumba vya watoto kuchezea. Lakini mahali tulipokaa muda mrefu kuliko pote, tukiuliza na kuandika, palikuwa stoo.

Reli ya kwenda Hillerød

Kutoka Copenhagen, mji mkuu, tulipanda treni ya mjini inayoelekea kaskazini. Mwisho wa reli hiyo ni mji wa Hillerød, mwendo wa kama dakika arobaini. Mabehewa yana nafasi ya baiskeli, nazo husafiri bila nauli. Basi tulikaa katikati ya magurudumu, vikapu, na watoto waliovalishwa makoti mazito hata wakafanana na mafurushi. Nje zilipita nyumba za matofali, halafu misitu iliyokuwa inaanza kubadilika rangi.

Wageni wengi huenda Hillerød kutazama kasri la Frederiksborg, lililojengwa na Mfalme Christian IV mwanzoni mwa karne ya 17 katikati ya ziwa. Ni jengo la fahari kweli. Lakini karibu na mji huohuo ziko nyumba 27 zisizo na mnara wala dhahabu, ambazo zimewafunza watu wa nchi nyingi namna nyingine ya kuishi. Kijiji hicho kinaitwa Sættedammen, na familia za kwanza ziliingia mwaka 1972.

Chanzo chake kilikuwa upweke wa wazazi. Mwaka 1964 mchoraji wa majengo, Jan Gudmand-Høyer, alianza kukutana na marafiki zake kuzungumza juu ya makazi ambayo yangewapa majirani wa kweli. Walipata kiwanja, lakini wenyeji wa mtaa ule wakakataa, na mpango ukafa. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae, ambaye alikuwa mama, aliandika katika gazeti la Politiken kwamba inafaa kila mtoto awe na wazazi mia moja. Msomaji wetu huenda akatabasamu, maana huku kwetu jirani kumkanya mtoto wa jirani hakujawa habari ya gazeti. Lakini huko, mama wengi walikuwa wamebaki peke yao na watoto ndani ya nyumba zilizozungushiwa ua. Walioguswa na makala ile wakakusanyika, wakaungana na mawazo ya yule mchoraji, na hatimaye nyumba zikasimama. Kwa Kidenishi makazi ya namna hii huitwa bofællesskab, yaani ushirika wa kuishi.

Nyumba ndogo na nyumba ya wote

Kijiji tulicholala hatutakitaja jina, kwa kuwa mengine tuliyoambiwa ni mambo ya ndani ya majirani. Kina nyumba zaidi ya ishirini, zimepangwa safu mbili zikitazamana, na njia ya miguu katikati. Magari huachwa pembezoni, hivyo watoto hukimbia njiani bila hofu.

Kila familia ina nyumba yake kamili, yenye jiko lake na mlango wake. Huu si ukambi, wala watu hawachanganyi mishahara. Lakini katikati ya kijiji kuna nyumba ya wote, yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, chumba cha kufulia, chumba cha wageni, karakana ya useremala, na stoo. Jioni kadhaa kwa wiki chakula hupikwa huko. Kila mtu mzima hupata zamu ya kupika kama mara moja kwa mwezi, na jioni nyingine huja na sahani yake na watoto wake akakuta kimeiva. Mama aliyetoka kazini saa kumi na moja hahitaji kuelezwa faida yake.

Nyumba za vijiji vya kwanza, kama zile za Sættedammen, zilikuwa kubwa. Zilizofuata zikawa ndogo na ndogo zaidi, kwa sababu watu waligundua kwamba wakichanga eneo na fedha kwa ajili ya nyumba ya wote, kila mmoja anaweza kujenga kwake padogo na bado akaishi vizuri. Chumba cha wageni cha nini, ikiwa kipo kimoja cha wote? Mashine ya kukata nyasi ya nini, ikiwa nyasi zote zinaweza kukatwa kwa moja au mbili?

Hapo ndipo stoo inapokuwa jambo kubwa. Nyumba ikipungua, vitu havipungui vyenyewe. Tena nchi ya baridi ina mizigo yake: makoti na mabuti ya majira ya baridi, viti vya bustani vya kiangazi, tufaha na viazi vya kuhifadhi, magodoro, mahema, na baiskeli za kila mtu wa nyumbani. Siku hizi zimeongezeka baiskeli za mizigo zenye sanduku mbele la kupakia watoto, na moja tu yataka nafasi ya baiskeli mbili au zaidi.

Stoo iliyokumbukwa mwisho

Mwenyeji wetu, mama mwenye wajukuu, alikuwapo tangu kijiji kikiwa mchoro wa karatasi. Alitueleza kwamba katika vikao vya kupanga, watu walibishana miezi juu ya jiko. Walibishana juu ya madirisha na juu ya kapeti. Stoo haikupata hata jioni moja. Ilipewa pembe iliyobaki baada ya vyumba vingine kugawanywa.

Siku ya kuhamia, malori yalifika yakiwa na vitu vya nyumba kubwa vinavyokwenda kwenye nyumba ndogo. Kila familia ilikuwa na maboksi ambayo hayakuingia. Mtu wa kwanza akaomba aweke machache katika chumba cha watoto kuchezea, kwa wiki moja tu. Wa pili akaona ya mwenzake, naye akaongeza ya kwake. Kufikia mwisho wa mwezi chumba kilikuwa na vitanda vilivyofunguliwa, kinanda, kabati la nguo, na maboksi hadi darini. Watoto wakakosa mahali pa kuchezea wakati wa mvua, wakarudi kucheza sebuleni kwa mama zao, kila mmoja kwake. Jambo lenyewe lililowaleta pale, yaani watoto kukua pamoja, lilizibwa na maboksi.

“Hakuna aliyekuwa mkorofi,” alituambia. “Kila mmoja aliweka kidogo tu.”

Ilichukua vikao vingi na maneno makali kabla chumba hakijarudi kwa watoto. Mwishowe walijenga banda la mbao nyuma ya maegesho ya magari, kwa mchango ambao hawakuwa wameupangia. Banda lingegharimu kidogo zaidi lau lingekuwa katika mchoro wa kwanza. Ila kilichowaumiza zaidi ya fedha ni urafiki uliopoa, na familia mbili, alisema, zilikaa msimu mzima bila kuja kula pamoja na wenzao.

“Vyetu” na “vyangu”

Tulipouliza ni nini hasa kilichomaliza ugomvi, tulitegemea kusikia kwamba ni ukubwa wa banda. Jibu lilikuwa jingine. Waligundua kwamba neno “stoo ya wote” lilikuwa na maana mbili, na kila mtu alikuwa anatumia ile inayomfaa.

Maana ya kwanza ni mahali pa kuweka vitu vya wote: ngazi, drili, toroli, viti vya sherehe, sufuria kubwa, godoro la wageni. Hivi ni vyetu, na yeyote anaweza kuvichukua. Maana ya pili ni mahali pa wote pa kuweka vitu vya kila mmoja: maboksi yangu, mabuti yangu, kitanda cha mtoto wangu. Hivi ni vyangu, hata kama viko chini ya paa la wote. Mambo haya mawili yakichanganywa katika chumba kimoja, jirani hukopa kisichokopeshwa, na mwingine huogopa kugusa kilicho chake.

Basi walitenganisha. Vitu vya wote vilipewa rafu za wazi, kila rafu ikiwa na maandishi ya kile kinachokaa pale, hata mtoto aliyeanza kusoma ajue ngazi inarudi wapi. Vitu vya watu binafsi vilipewa vizimba vya mbao, kimoja kwa kila nyumba, vya ukubwa sawa, vyenye mlango na kufuli. Mwenye vingi kuliko kizimba chake atafute njia nyingine. Hakuna wa kumwonea wivu, kwa kuwa kipimo ni kimoja.

Kukabaki aina ya tatu, ile inayosumbua kuliko zote. Ni vitu vya “huenda siku moja nikavihitaji”. Mwenyeji wetu alicheka aliposema hivyo, nasi tukacheka, maana kila mmoja wetu aliona kabati la nyumbani kwake. Tulimkumbuka yule tajiri wa Injili aliyetaka kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi. Kijiji kile kiliamua kwamba vitu vya “huenda” havipewi nafasi ya wote. Kila masika, siku ya kazi ya pamoja, kitu chochote kisicho na kadi ya jina na tarehe hutolewa nje na kuwekwa mezani. Kikikaa wiki mbili bila mwenyewe, hupewa anayekihitaji.

Fimbo ya mbali

Jambo lingine tulilolitazama ni wapi kila kitu kimewekwa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hakuna mahali ambapo msemo huo ni wa kweli kama katika stoo. Kitu kikiwa mbali na kazi yake, kila nyumba itanunua cha kwake, na faida ya kushirikiana itapotea.

Kwa hiyo friza na rafu za vyakula vikavu ziko hatua chache kutoka jiko kubwa, upande wa kaskazini wa jengo usiopigwa na jua. Vigari vya watoto vimewekwa karibu na mlango wa kuingilia, ambao ni mpana na hauna kizingiti, ili mama mwenye mtoto mkononi asihitaji mkono wa tatu. Baiskeli za kila siku ziko chini ya paa karibu na njia. Mahema na mapambo ya sikukuu, yanayotazamwa mara moja kwa mwaka, yamepandishwa darini.

Maboksi hayakai sakafuni wala hayagusi ukuta wa nje, kwa sababu unyevu huleta ukungu, na ukungu huharibu nguo na vitabu kabla mwenyewe hajajua. Vyakula hukaa katika vyombo vyenye mifuniko ya kukaza. Panya wa Denmark, tuliambiwa, hawana tofauti na wa kwetu.

Tulipenda zaidi rafu moja iliyo katika chumba cha kufulia. Juu yake kuna makapu yaliyoandikwa umri: miezi sita, mwaka mmoja, miaka miwili, na kuendelea. Nguo inayombana mtoto huoshwa na kuwekwa kapuni, na mama mwenye mtoto wa umri huo huchukua. Koti tulilolishika lilikuwa limeshavaliwa, alituhesabia mwenyeji wetu, na watoto watano. Hakuna boksi la nguo za watoto linalokaa kwenye kizimba cha mtu likisubiri mimba ijayo.

Daftari na ufunguo

Kwenye reli ileile, kabla ya kufika Hillerød, kuna mji wa Birkerød. Huko mwaka 1981 kilikamilika kijiji kiitwacho Trudeslund, chenye nyumba 33. Wakazi wake walikwenda hatua zaidi: katika nyumba ya wote waliweka duka dogo lisilo na muuzaji. Kila nyumba ilipewa ufunguo. Aliyeishiwa na sabuni au unga usiku aliingia, akachukua, akaandika daftarini, na mwishoni mwa mwezi akaletewa hesabu yake. Kwa kuwa bidhaa zilinunuliwa kwa wingi, hakuna nyumba iliyohitaji kujaza kabati lake akiba ya mwezi mzima.

Sisi Waswahili tuna msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari halikuwekwa kwa sababu watu walishukiana. Liliwasaidia waendelee kuaminiana, maana mtu anayeandika hana haja ya kujitetea.

Mpango huu wa makazi umesafiri mbali. Wachoraji wawili Wamarekani, Kathryn McCamant na Charles Durrett, walikwenda Denmark kuuchunguza, wakaandika kitabu mwaka 1988. Mwaka 1991 watu wakahamia Muir Commons, kijiji cha nyumba 26 katika mji wa Davis, California. Huko London, wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 50 walishikilia wazo lao kwa karibu miaka ishirini, hadi mwaka 2016 walipohamia New Ground, jengo lao la fleti 25. Mama anayeingia kwenye fleti ndogo baada ya watoto kuondoka ana swali lilelile: nini nikiache, nini nikiweke, na wapi?

Kadi ya fundi

Katika karakana ya kijiji chetu kulikuwa na sanduku jekundu la vifaa vya useremala. Tulidokezwa habari zake kwa sauti ya chini.

Mwenyewe alikuwa fundi mzuri, na sanduku lilikuwa lake binafsi, lenye kadi ya jina lake. Alipofariki, masika ilikuja na siku ya kazi ikafika. Kadi ilikuwa na jina, lakini tarehe ilikuwa imepita. Kwa kanuni, sanduku lilipaswa kutoka mezani. Hakuna aliyeligusa. Mwaka wa pili pia halikuguswa, na mwenye zamu ya kupanga rafu alifagia kulizunguka.

Mwaka wa tatu mjane alifika mwenyewe asubuhi, kabla ya wenzake. Alitoa randa moja akaipeleka nyumbani kwake. Kisha akabandua kadi ya mumewe na kuandika nyingine: “Ya wote.” Tulipolifungua, patasi zilikuwa zimenolewa, na kila kimoja kilikuwa mahali pake.

Tulielewa kwamba kanuni nzuri ya stoo ni ile inayojua pia kungoja.

Nasi huku kwetu

Pengine msomaji atasema hayo ni ya Wazungu wenye mbao na mafundi. Lakini tazama vikundi vyetu vya akina mama. Ni vingapi vimechanga shilingi kidogo kidogo hadi vikanunua viti vya plastiki, turubai, masufuria makubwa na sahani za harusi na misiba? Huo ni ushirika wa vitu hasa. Na vitu hivyo viko wapi leo? Mara nyingi viko kwa mwenyekiti. Vimeziba chumba cha watoto wake, na hawezi kusafiri kwa kuwa ufunguo anao yeye. Sahani ikivunjika anatazamwa yeye. Akiugua au akihama, kikundi hakijui hata idadi ya vijiko. Ni mzigo wa mtu mmoja unaoitwa mali ya wote.

Nyumba zetu za kupanga nazo zina koridoni la wote na uani pa wote, na tunajua jinsi ndoo moja iliyoachwa mlangoni inavyoweza kuzaa kesi ya kupelekwa kwa mjumbe.

Haya ndiyo tuliyorudi nayo, na yanafaa hata pale ambapo stoo ni pembe ya chumba au banda la mabati:

1. Amua mahali kabla ya kununua. Bei ya kitu ni pamoja na bei ya kukitunza.

2. Andikeni orodha mbili: vitu vya kikundi, na vitu vya mtu binafsi vilivyohifadhiwa. Visikae rafu moja.

3. Aliyetoa nafasi nyumbani kwake alipwe kitu, hata kiwe kidogo, au apumzishwe kwa zamu ya mwaka mmoja.

4. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wa nyumba tofauti.

5. Daftari lining’inie mlangoni pamoja na kalamu: nani kachukua, lini, kimerudi kikiwa na hali gani.

6. Inueni vitu kutoka sakafuni, kwa matofali na mbao kama hakuna rafu.

7. Mara moja kwa mwaka toeni kila kitu nje, mhesabu mchana kweupe, wote mkiwepo. Kisichotumika kiuzwe au kigawiwe.

8. Msiba ukimfika mwenzenu, orodha ingoje.

Safari hii, kikundi chako kitakapokaa kujadili ununuzi mpya, na kila mmoja akiwa ameshataja bei na rangi, mama mmoja na aulize kwa upole: sufuria hii italala kwa nani?